Mbao Isiyoliwa na Mchwa

Boti ilikaa uani kwetu Voi karibu wiki nne, na wiki tatu za kwanza mume wangu alioga kila asubuhi kabla ya kazi. Mtu wa kuchomelea mageti huoga jioni. Tulipooana ni yeye aliyeniambia kwamba kuoga asubuhi ni kumwaga maji ya mtungi bure, maana ikifika saa tatu masizi yameshamjaa hadi kwenye nyusi. Sasa maji hayakuwa ya bure tena. Alikuwa anaoga, anapaka mafuta hadi viwiko, anavaa shati lenye vifungo vyote, halafu anaenda kulala chali chini ya boti ya mwanamke mwingine.

Ililetwa kwa pikapu kutoka Ziwa Jipe, huko nyuma ya Taveta, imefungwa kamba, pua yake imetokeza juu ya kichwa cha gari. Boti ya alumini, ndefu kuliko nyumba yetu ukitoa choo, ubavu mmoja umebonyea pale kiboko alipoisukuma. Wanaume wanne waliishusha na kuiweka juu ya mawe ya ujenzi, mahali hasa ninapoanika nguo za mtoto. Kamba yangu ya nguo ilikatwa. Mtu angeweza kuifungua. Mume wangu aliikata kwa kisu, na aliponiona nimesimama na beseni la nepi akasema, "Mama watoto, anika kwenye seng'enge siku mbili tatu hivi."

Mwenye boti alifika nyuma yao kwa pikipiki yake mwenyewe. Akavua kofia ya chuma, akanitazama kuanzia miguuni hadi kwa mdogo niliyembeba mgongoni.

"Deski," akasema. "Kumbe huyu fundi ni wako."

Tulikaa deski moja kidato cha tatu na cha nne, ndiyo sababu ananiita hivyo, nami namwita hivyo hivyo. Shule ilikuwa ya bweni, juu milimani, na asubuhi za Juni tulikuwa tunavaa sweta moja kwa zamu. Kemia na fizikia nilikuwa namwonyesha mimi. Hata yeye ukimuuliza atakwambia. Mwaka uliofuata mtihani mimi nilikuwa na mimba ya msichana wangu wa kwanza, na yeye alikuwa amepata kazi ya kupika katika kambi ya watalii kando ya Jipe. Kambi ikafungwa. Wenyewe walibeba mahema, vitanda na friji, boti wakamwachia yeye, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejifunza kuiendesha. Siku hizi anapeleka watu wa kuangalia ndege, walimu, wataalamu wa kupima maji, na mtu akizidiwa ugonjwa kule matete yalikofunga njia, ni yeye anayepigiwa simu. Ana buti za mpira za manjano. Hana mtoto. Anapiga mluzi akitembea.

Mama mkwe wangu hapendi mwanamke apige mluzi. Huyu alimpenda. Watu wa mama mkwe walitoka magharibi kuja kukata mkonge Mwatate, na hadi leo, na uzee wote huo, hajazoea kula bila samaki. Basi kila deski wangu alipokuja kukagua boti alileta ngege wawili watatu wabichi, wamefungwa kwa majani, anampa mama kwa mikono miwili. Mama anawapokea kama amepewa mjukuu.

"Mwanangu," akaniambia siku moja huku akipaa magamba, "huyu mwenzako anajua kuingia kwa watu."

Mimi nilikuwa nimeingia kwa watu miaka sita.

Niseme boti ilikuwa na ugonjwa gani. Nyuma kabisa, pale injini inaponing'inia, kuna ubao mnene umesimama wima kati ya bati mbili za alumini. Ubao huo ndio unaobeba injini, jinsi mimi ninavyombeba mdogo, uzito wote kiunoni. Injini inavuta, inasukuma, inatikisika, na ubao unavumilia. Ukioza, siku moja injini itang'oka na kipande cha boti, maji yaingie kwa nyuma, na uko katikati ya ziwa lenye mamba. Huu wa kwake ulikuwa umeoza. Mume wangu alipofungua bolti akaingiza vidole, ulitoka vipande vipande, laini kama mkate uliolowa chai, unanuka tope. Alitoa ndoo mbili. Msichana wangu aliufinyanga akatengeneza vyungu.

Hapo ndipo kuimba kulipoanza. Mume wangu haimbi. Kanisani anafungua mdomo tu. Lakini sasa alikuwa chini ya ile boti anaimba nyimbo za zamani za lugha ya baba yake, na deski wangu ameketi kwenye ukingo juu, buti zinaning'inia, anamuuliza hili na lile.

"Fundi wangu, hapa nikiweka riveti?"

"Hapo riveti haishiki. Hapo tuchomelee."

"Wewe ndio kusema."

Mimi hunijibu hivyo? Nikimuuliza kama geti la jirani liliisha, anasema mmh. Nilipika chai, nikaipeleka, nikaweka vikombe juu ya alumini kwa kishindo. Alisema asante bila kugeuka. Yeye deski aligeuka, akasema, "Kaa basi tunywe," na mimi nikasema nina nguo kwenye maji. Sikuwa na nguo kwenye maji. Nilienda nikakaa jikoni nikiangalia ukuta.

Jumatano ya wiki ya pili alileta mbao. Ilikuwa imefungwa kwenye pikipiki kwa mpira, imetokeza kulia na kushoto kama mabawa. Mbao pana, nene, nzito, na rangi yake ya kijani kibichi, ile rangi ya mbao zilizotiwa dawa. Nguzo za stima huwa hivyo zikiwa mpya, na nguzo za ua wa umeme wa kuzuia ndovu. Alisema ilibaki kwenye kazi ya ua fulani, akaiomba.

Mume wangu aliigonga, akainusa, akapitisha gumba. "Hii?" akasema. "Hii mchwa hawaigusi."

"Ndiyo maana nimeileta."

Mtu ambaye hajaishi huku hawezi kuelewa furaha yao. Huku kwetu mchwa wamekula fremu za milango, wamekula vitabu vya shule, wamekula picha zetu za harusi kwa nyuma mpaka tukabaki nyuso bila miguu. Fundi yeyote wa Voi akionyeshwa mbao anauliza swali moja tu, na akijibiwa vizuri hana la pili. Wote wawili walikuwa wanatengeneza kitu cha kukaa majini, na wote wawili walikuwa wanawaza mchwa.

Mimi nilikuwa mlangoni na mdogo mgongoni. Niliiona ile rangi ya kijani, nikajua.

Nilijua kwa sababu baba yangu alikuwa seremala huko Ronge. Milango, vitanda, makabati, majeneza. Kaka zangu walikuwa wanakimbilia mpira, kwa hivyo mtu wa kumshikia mwisho wa pili wa mbao alikuwa mimi. Nilijua kupiga randa kabla ya kujua kusuka nywele. Mwaka mmoja baba alibakiwa na vipande vya nguzo za dawa, akamtengenezea mama uchanja wa kuanikia vyombo, akasema huu utatuzika sote. Baada ya mvua za pili sufuria za pale uchanjani zikaanza kuvuja. Zote ni za alumini, zote zinavuja kwa chini, vitundu vidogo kama vya sindano. Baba akasema ni majivu. Mama akasema ni mimi na mchanga wangu wa kusugulia, nikachapwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini sufuria zilizolala ndani ya nyumba zilikuwa nzima.

Jibu nililipata darasani kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alipofundisha jinsi metali moja inavyoila nyingine penye unyevu. Ile dawa ya kijani ina shaba. Shaba ikikutana na alumini ndani ya maji, alumini ndiyo inayokwisha. Nilinyoosha mkono nikaeleza habari ya uchanja wetu. Darasa likacheka kwa ajili ya fimbo niliyopigwa bure. Mwalimu akaniambia niandike ubaoni. Na deski wangu alikuwa ameketi pale pale ubavuni mwangu, ananakili.

Basi sikusema kitu. Kila mara nilipotaka kusema nilijiambia, alikuwepo, alinakili, acha alichonakili kimsaidie. Nilijua hesabu yake vizuri. Boti ingeenda majini, ingepaa, wangepiga picha. Ingechukua mwaka, labda zaidi, bati likiliwa kwa ndani pasipoonekana. Kisha siku moja kwenye upepo wa alasiri lingechanika. Kufikia hapo nani angekumbuka mwanamke mlangoni na mtoto mgongoni?

Na sikuishia kunyamaza. Mume wangu alipokata ile mbao, kipande kilichobaki kilidondoka karibu na mguu wangu. Nilikiokota. Nilichukua kifuniko cha sufuria kilichopinda, nikakilaza nyuma ya jikoni, nikaweka kile kipande juu yake, nikamwagia maji ya chumvi. Kila asubuhi nilimwagia tena. Nilikuwa nataka kuwa na uhakika kwamba itaila boti yake. Nimewahi kumwagilia miche ya sukuma wiki kwa mapenzi kidogo kuliko hayo.

Siku ya nne kulikuwa na doa. Siku ya sita kulikuwa na unga mweupe. Nilifurahi, na ile furaha niliibeba siku nzima kama kitu nilichoiba dukani. Nilipika pilau. Mama mkwe aliuliza kuna nini leo.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Ubao ulikuwa umeshaingizwa mahali pake, bolti zimetiwa, bado kukazwa. Kesho yake boti ingerudi Jipe, na mume wangu angeenda nayo kuijaribu, na alikuwa amemwahidi msichana wetu kumpeleka aone viboko. Nilikuwa nimeshika mwiko, nasonga ugali, dirisha liko wazi, wao wako nje hatua tano. Nikasikia deski wangu anasema, "Hapa kwenye kona ubao umepasuka kidogo. Si baba yake deski alikuwa seremala? Tumwite aangalie."

Mume wangu akasema, "Wachana na yeye. Yeye ni mtu wa jikoni. Haya mambo yatamchosha tu."

Aliisema kwa upole. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, ule upole, kama mtu anayenifunika blanketi.

Niliacha mwiko ndani ya ugali. Nilizunguka nyuma ya jikoni nikachukua kifuniko na kile kipande cha mbao kikiwa bado juu yake, nikawapelekea, nikaviweka kwenye ukingo wa boti mbele ya pua zao.

"Inua hiyo mbao," nikamwambia mume wangu.

Akaiinua. Chini yake palikuwa peupe.

"Hiyo ni chumvi," akasema.

"Ikwangue basi."

Alitoa kisu akakwangua. Unga ukadondoka, na alumini chini yake ilikuwa na vishimo, vingine vimezama kiasi cha kushika ncha ya kisu. Akakwangua pembeni, mahali mbao haikugusa. Pale palikuwa pakavu, panang'aa. Akarudi kwenye vishimo. Ni fundi, na jicho lake liliona kabla moyo haujakubali.

"Dawa ya hiyo mbao ni shaba," nikasema. "Imeanza kula hicho kifuniko kwa siku tisa. Boti yako itaila polepole, kwa ndani, na hamtaona. Mchwa hawatakuja, hilo ni kweli. Jipe hakuna mchwa."

Deski wangu alikichukua kifuniko mikononi, akakigeuza. Hakuwa anatazama vishimo tena.

"Siku tisa," akasema. "Mimi nilileta mbao Jumatano ile."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ulijua Jumatano."

"Nilijua kidato cha tatu. Hata wewe ulikuwepo."

Mama mkwe alikuwa ametoka nje kuona kelele, ingawa hakukuwa na kelele. Alisimama na samaki mkononi.

Mume wangu aliniuliza, sauti yake chini kabisa, "Ungeniacha nikaze bolti? Ungeacha mtoto apande?"

"Kwa kesho isingefanya kitu," nikasema. "Ni ya mwaka ujao."

Nilipojisikia nikisema hivyo, nikasikia jinsi ilivyo. Ya mwaka ujao. Kama mtu anayeeleza mavuno. Msichana wangu alikuwa ndani ya boti, ameketi na vyungu vyake vya ubao mbovu, anatutazama mmoja mmoja.

"Na mimi?" mume wangu akasema. "Ikichanika, watu si watauliza nani aliitengeneza?"

"Ungeniuliza," nikasema. "Siku tisa zote hizo, ungeniuliza mara moja tu."

Aliweka kisu chini, akaenda kunawa. Ugali uliungua. Hakuna aliyekula.

Jumatatu mume wangu alikwenda Kishushe kuweka geti la mtu, kazi ya siku nne, na kabla ya kupanda gari alisema maneno mawili tu, "Boti hiyo." Nikaelewa ni yangu. Deski wangu alikuwa ameshaagiza plaiwudi ya baharini kutoka Mombasa, ile isiyobanduka ikilowa, ikaja na mizigo ya basi. Nilidhani ataleta na fundi mwingine. Alikuja peke yake, akavua koti, akasema, "Haya. Sema."

Nikasema. Tuling'oa ule wa kijani, tukaosha alumini kwa maji na siki mpaka ikawa safi, tukaikausha. Nilichora umbo kwenye katoni kwanza, kwa sababu baba yangu hakuwahi kukata mbao ambayo hakuwa ameikata kwenye katoni, na katoni yangu ya kwanza ilikosea kona, na ya pili ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Tulikata vipande viwili, tukavipaka gundi tuvibandike pamoja viwe ubao mmoja mnene. Jiliwa za kubana tulikuwa nazo tatu tu, na gundi ya namna hiyo inataka kubanwa kila mahali. Tulipanga mawe, gunia la mahindi, jiko la makaa, na juu ya vyote nikakaa mimi. Mdogo akaanza kulia. Nikamnyonyesha pale pale juu ya gunia, saa nzima, siwezi kusogea.

Deski wangu alikaa chini, mgongo kwenye ukuta.

"Ulitaka nizame?" akauliza.

"Nilitaka injini izame. Wewe unajua kuogelea."

"Na mamba?"

"Sikufika kwa mamba."

Alicheka kwa pua, kisha akaacha. "Ni kwa sababu ya huyu bwana wako? Deski, niangalie. Mimi simtaki. Anaimba vibaya, kichwa kinaniuma nikitoka hapa. Nilikuwa nanyamaza nisije nikamwudhi kabla boti haijaisha."

Nilijua. Nadhani nilijua tangu siku ya vikombe vya chai, na ndiyo maana hasira yangu haikuwa inashuka. Kwa mwanamke anayetaka mume wangu nilikuwa nimejiandaa, maneno yake nilikuwa nayo tayari. Huyu hakumtaka. Alikuwa na kitu kizuri zaidi cha kufanya siku nzima.

"Nilikuwa wa pili darasani," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nanakili kwako."

"Sasa angalia."

Aliangalia. Mimi, titi nje, gunia la mahindi, jiko la makaa. Hakuniambia kwamba watoto ni baraka. Namshukuru kwa hilo, maana ningeshuka nimpige na gundi iharibike.

Ubao ulipokauka nilipiga randa kingo, nikazipaka gundi tena na tena, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo, uso wa ubao hauna shida. Matundu ya bolti niliyatoboa makubwa kuliko bolti, nikayajaza gundi, nikayatoboa upya katikati ya ile gundi, ili bolti isiguse mti hata kidogo. Hilo sikufundishwa. Nililifikiria mwenyewe nikiosha vyombo. Kati ya ubao na bati tukaweka mpira wa tyubu ya lori, tumeukata kwa mkasi wa nguo. Deski wangu alishika bolti ndani, mimi nikakaza spana nje, na kwa siku mbili hizo hatukuzungumza zaidi ya kaza, legeza, shika hapo, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi nyuma ya jikoni, ila sikumwonyesha.

Mume wangu alirudi kutoka Kishushe Alhamisi, mweupe wa vumbi. Hakuingia ndani. Alizunguka boti mara mbili, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akausukuma kwa goti, akalala chali akaangalia kwa chini. Nilimngoja kwenye ngazi.

"Bolti ya kushoto," akasema, "iongezwe washa."

Alikuwa sawa. Nikaongeza washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati. Halafu akachukua kipande cha waya, akafunga kamba yangu ya nguo pale ilipokatwa, akaivuta kuona kama inashika. Siku ile alioga jioni.

Jumamosi tulienda Jipe. Msichana alibaki ufukweni na baba yake, amemshika kidole, na mama mkwe alibaki Voi na mdogo. Nilikuwa sijawahi kuliona lile ziwa, na ni wilaya yetu sisi. Milima ya Upare iko pale ng'ambo kama mtu angeweza kuigusa. Deski wangu aliingiza boti majini, akafunga injini, akaitikisa kwa mikono miwili. Ubao haukusema kitu.

Kulikuwa na kiti cha mbele chenye mto, ambapo huketi wageni. Nilikuwa naelekea huko.

"Hapana," akasema. "Wewe utakaa hapa nyuma, karibu na kazi yako. Weka mkono juu ya ubao. Ukisikia kitu, sema siku hiyo hiyo."

Nikakaa. Akavuta kamba, injini ikawaka, na mtetemo wake ukanipanda kwenye kiganja, ukaingia kwenye meno. Hakwenda polepole kwa ajili yangu. Alifungua injini yote, pua ya boti ikainuka, tukakata maji kuelekea matete, na muda wote huo alikuwa ananitazama mimi badala ya ziwa. Maziwa yalikuwa yananivuja kwenye blauzi, mtoto alikuwa mbali sana, na mkono wangu ulikuwa juu ya ubao niliouchora kwenye katoni. Haukulegea. Kingo zilikuwa kavu. Viboko wawili walizama mbele yetu, akawapita kwa mbali bila kupunguza mwendo, akiongoza kwa kidole tu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake.

Wivu ulirudi wote. Nilikuwa nimedhani umebaki Voi.

"Nipe nishike kidogo," nikasema, nikaonyesha mpini wa injini.

Akautazama mkono wangu.

"Bado," akasema.

"Bado mpaka lini?"

"Sijui. Zile siku tisa ni nyingi, deski."

Nilikasirika. Nikataka kumwambia ni nani aliyemtengenezea boti. Kisha nikaona kwamba ningekuwa mahali pake nisingempandisha mtu kama mimi hata boti ikiwa imefungwa ufukweni, na yeye alikuwa ameniketisha hatua moja kutoka kwenye mpini. Nikarudisha mkono kwenye ubao. Alipofika kwenye matete alikata kona, na nikatazama vizuri jinsi anavyofanya: akitaka kwenda kulia anausukuma mpini kushoto, taratibu, kisha anauachia nusu kabla boti haijamaliza kugeuka. Alifanya hivyo mara nne kabla hatujarudi ufukweni. Mara ya nne nilijua atausukuma lini.